Usiwashe Kwanza: Monita ya Vekta na Mazoea Yangu ya TV za Chogo

"Washa basi tuone."

Jamaa yangu alikuwa keshashika plagi, ekstensheni ipo tayari sakafuni, mlango wa nyuma wa kabati la Asteroids, ile gemu ya sarafu ya kupiga mawe angani ambayo kioo chake ni monita ya vekta, uko wazi na vumbi limejaa mpaka juu ya kioo. Tulikuwa gereji kwake hapa Kitchener, Ontario. Mashine kainunua kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama nyumba, na huyo mzee alichosema tu ni kwamba zamani ilikuwa inafanya kazi.

Nikamwambia hapana, weka plagi chini.

Akaniangalia. "Fundi, we si umetengeneza TV miaka yote Dar? Leo unaogopa kuwasha?"

Sikumjibu vizuri siku ile, nilisema tu kwamba hii siyo TV, tukafunga mlango, tukaenda kula. Ila swali lake likanikaa kichwani wiki baada ya wiki, maana ni swali la haki kabisa. Mi kweli nimekulia kwenye banda la fundi redio, na kwenye lile banda kuwasha ndo ilikuwa hatua ya kwanza ya kila kitu.

Banda lilinifundisha kuwasha

Kama umewahi kukaa karibu na fundi wa TV za chogo unajua mambo yanavyoenda. TV inaletwa, inachomekwa, fundi anasikiliza. Ukisikia ule mluzi mwembamba unajua upande wa flaibaki, transfoma inayotoa volti kubwa za kioo, uko hai. Ukiona mstari mmoja mweupe umelala katikati ya kioo unajua vertikali, saketi ya juu na chini, imekufa, huna haja hata ya kushika mita. Ukishuku transista ya horizonto, ya kulia na kushoto, unaing'oa, unaunga balbu ya wati 100 mahali pake, unawasha tena, unapima volti. TV yenyewe inakwambia inaumwa wapi, kazi yako ni kuwa msikivu.

Na inawezekana kwa sababu TV inajichorea yenyewe. Hata usipoipa stesheni yoyote, ndani yake kuna osileta, saketi za kutengeneza mawimbi, zinazosukuma mwale wa elektroni kulia na kushoto, juu na chini, karibu mara 15,700 kwa sekunde kwa ule mlalo. Chenga zile unazoziona kwenye kioo ni mwale unafanya doria bila picha. Mwale hausimami.

Monita ya vekta haina doria.

Mwale unaenda pale tu unapotumwa

Asteroids ilitoka Atari mwezi Novemba 1979, kazi ya Lyle Rains na Ed Logg, na kila mtu aliyewahi kuiona kwenye mashine halisi anakumbuka zile risasi, nukta ndogo zinazowaka kiasi kwamba zinaacha alama machoni. Emuleta, programu ya kuiga mashine, kwenye laptop haikupi kile kitu. Inatokea kwa sababu mwale haufagii kioo chote, unatumwa moja kwa moja kwenye ile nukta, unakaa pale kidogo ukiwa na nguvu zote, halafu unatumwa kwingine. Jiwe linachorwa kama wewe unavyochora kwa kalamu, kona kwa kona, kalamu inainuliwa, inahamia kwenye jiwe jingine.

Anayetuma ni bodi ya gemu. Inatoa volti moja ya X, volti moja ya Y, na ya tatu Z inayosema mwale uwake kiasi gani. Ndani ya monita kuna amplifaya mbili kubwa, moja ya X moja ya Y, zinazosukuma mkondo kwenye koili za shaba zilizovaa shingo ya kioo, zile tunazoita yoki. Na hizi amplifaya hazina kapasita ya kuzuia kati ya mlango wa kuingilia na wa kutokea. Volti ikisimama mlangoni, mkondo unasimama ndani ya yoki, na utabaki hivyo hivyo mpaka kitu kiungue.

Hapo ndo nilipoanza kuelewa kwa nini mkono wangu ulikataa ile plagi kabla kichwa hakijapata maneno.

Fikiria bodi imekufa kwa namna ambayo Y imeganda juu kabisa. Kwenye TV, sigino (signali) mbovu inakupa picha mbovu, basi, unakaa unaitazama huku unakunywa chai. Hapa amplifaya ya Y inajaribu kutii, inasukuma mkondo wake wote upande mmoja kupitia koili yenye omu chache tu, transista zinapata moto, rezista zinabadilika rangi, na kama fyuzi ziliwahi kubadilishwa na mtu wa haraka akaweka kubwa kuliko inayotakiwa, basi moshi. Mafundi wa monita za vekta za rangi za Sega, zile Electrohome G08 za miaka ya 1981 na 1982, wanazisema kwa sauti ya chini kabisa, maana zina sifa ya kuungua hasa.

Waliotengeneza walijua. Ndo maana karibu kila monita ya aina hii ina saketi ya kuua nukta. Kazi yake ni kuangalia kama X na Y zinatembea, zisipotembea inazima mwale kabla haujasimama sehemu moja na kuchimba fosfori, ule unga wa ndani ya kioo unaowaka. Kwenye Wells-Gardner 6100, monita ya rangi iliyokuwa kwenye gemu ya Tempest ya 1981, kuna taa nyekundu kabisa inayowaka saketi hiyo ikikamata. Watu wakiona taa ile wanadhani ndo ugonjwa. Siyo ugonjwa, ni mlinzi kasimama mlangoni, na wapo wanaomkata ili waone picha! Ukiikata saketi hiyo, kioo chako kinaweza kupata tundu jeusi katikati kwa muda mfupi sana, na tundu hilo halitoki tena.

Mgonjwa ni yupi

Sasa kilichonisumbua zaidi ni hiki. Bodi mbovu inaweza kuua monita. Ukibadilisha transista za monita bila kujua bodi iko vipi, unalisha transista mpya kwenye mdomo uleule. Kwa hiyo unaanza wapi, wakati vyote viwili vimekaa gizani miaka na hakuna hata kimoja unachokiamini?

Nilizunguka na hilo swali nikiwa kazini, nikiwa kwenye basi, mpaka nikagundua kwamba nilikuwa najiuliza kibanda banda, yaani nilikuwa bado nataka kioo kiniambie ugonjwa. Kioo kina haki ya kuwa wa mwisho kujua.

Bodi inaweza kuchora mahali pengine.

Oskiloskopu, kile kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, ina hali ya X-Y, ambapo badala ya kuonyesha wimbi kwa wakati, chaneli moja inasukuma nukta kulia na kushoto na nyingine juu na chini. Ni monita ya vekta ndogo iliyokaa mezani kwako siku zote. Tukachomoa kabisa waya za monita, tukapima kwanza pawa ya bodi peke yake kama volti 5 ni 5 kweli, ndipo tukaipa bodi umeme na kuweka propu zake mbili, waya za kupimia, kwenye X na Y.

Jamaa alikuwa ananisimamia begani. Tulichokiona ni mstari mmoja. Mlalo, unatetemeka, una nukta nzito hapa na pale, lakini hauna juu wala chini. Gemu inacheza, sauti zinatoka, ila X inatembea na Y imeganda.

Hakusema kitu, na mi sikusema kitu.

Kwa wanaotaka kujua, upande wa Y shida ilikuwa TL082, ic ndogo ya pini 8 inayokaa karibu na njia ya kutokea. Ni kitu cha bei ya soda. Tukaweka soketi, tukaweka mpya, na mawe yakatokea kwenye oskiloskopu, mawe yenyewe kabisa, pamoja na mistari ya ziada inayounganisha jiwe na jiwe kwa sababu hatukuunga Z ya kuzima mwale wakati kalamu imeinuliwa. Unaona safari zote ambazo mchezaji hatakiwi kuziona. Jamaa alipiga kelele mpaka mkewe akatoka ndani kuja kuuliza kuna nini.

Hofu yenye kazi

Kabla ya kugusa monita yenyewe niseme kuhusu kioo, maana hapa sitaki mtu asome nusu.

Kioo cha CRT, yaani kioo cha chogo, ni kapasita. Ndani kimepakwa, nje kimepakwa rangi nyeusi ya grafaiti, katikati kuna glasi, na glasi inatunza chaji ya maelfu ya volti hata baada ya kuchomoa plagi, wakati mwingine siku nyingi. Hizi za vekta zina zaidi ya kilovolti kumi, za rangi zinafika karibu 20. Chaji yenyewe labda isikuue, lakini itaurusha mkono wako, na mkono ukiruka kando ya shingo ya kioo unaivunja, na shingo ikivunjika hewa inaingia, kioo kimekufa. Kikipasuka tumboni vipande vinaruka. Miwani ya kazi siyo hiari.

Namna ya kuitoa chaji mafundi wengi mnaijua, ila kuna mawili watu wanaruka. La kwanza, waya wako wa erthi ufungwe kwenye ule mshipi wa waya uliosukwa unaolalia ile rangi nyeusi nje ya kioo, maana huo ndo upande wa pili wa kapasita. Ukishafunga ndipo unapenyeza bisibisi yenye mpini mrefu wa plastiki chini ya kile kifuniko cha mpira kinachoingiza waya wa volti kubwa kwenye kioo, mkono mmoja tu, wa pili uko mfukoni. La pili, ukisikia tik usiseme tayari. Subiri dakika kadhaa, rudia. Glasi ina tabia ya kurudisha chaji kidogo baada ya kutolewa.

Kapasita kubwa za pawa nazo zinabaki na chaji, hizo toa kwa rezista halafu pima kwa mita, usipige bisibisi. Na kuna swichi za usalama kwenye kabati zinazokata umeme mlango ukifunguliwa. Mafundi tunazivuta nje ili tufanye kazi mlango ukiwa wazi. Ukiivuta ujue kwamba umeme wa ukutani, huku volti 120, umerudi pale chini kwenye transfoma, na umekaa karibu sana na magoti yako.

Kitu kimoja kilinichanganya mwanzoni. TV nyingi za chogo zina upande wa moto, yaani chasisi yenyewe inaweza kuwa na umeme wa ukuta, tukafundishwa kuiogopa. Hizi monita zinakula kupitia transfoma na chasisi yake imeungwa na erthi. Unaweza kudhani ni salama zaidi. Lakini chasisi yenye erthi maana yake ukiigusa kwa mkono wa kushoto halafu wa kulia ukagusa kitu chenye volti, njia imekamilika kifuani kwako. Mkono wa mfukoni unabaki mfukoni.

Mita kabla ya umeme

Monita ya jamaa ni Electrohome G05, nyeusi na nyeupe, inchi 19. Jina la kampuni linanigusa kidogo, maana Electrohome ilikuwa kampuni ya mji huuhuu ninaoishi, ilianzishwa na Arthur Pollock mwaka 1907 ikitengeneza gramafoni, wakati mji bado unaitwa Berlin kabla haujabadilishwa jina 1916. Napita mitaa hiyo kila siku.

Kazi ya mita kwenye monita iliyozimwa inachosha lakini inasema mengi. Transista kubwa za chuma za kila amplifaya, 2N3716 na mwenzake 2N3792, zimefungwa kwenye fremu na kuungwa kwa waya. Chomoa plagi zao, weka mita kwenye alama ya daiodi. Transista ina miguu mitatu, beizi, emita na kolekta. Beizi kwenda emita na beizi kwenda kolekta zinakupa kama 0.5 mpaka 0.7 upande mmoja, upande wa pili hakuna kitu. Kolekta kwenda emita hakuna kitu pande zote. Ikilia, imekufa. Halafu usisahau hili: ganda lenyewe la ile transista ndo kolekta, na kinachoitenga na fremu ni karatasi ya maika tu, isiyopitisha umeme. Pima ganda na fremu.

Moja ya upande wa Y ililia.

Na hapa nilikaa sana. Ni bodi iliyoganda ndo iliua transista, au ni transista ilikufa kwanza? Kwa mazoea ya banda ningesema haijalishi, badilisha vyote, washa. Ila nikatazama zile pini za plagi kwenye bodi ya monita kwa lensi, na kwenye pini mbili kulikuwa na duara jembamba kuzunguka lehemu, ule mpasuko unaotokea chuma kikipata joto na kupoa miaka na miaka. Pini inagusa leo, kesho haigusi. Amplifaya hizi zinajirekebisha kwa kusoma mkondo wa yoki kupitia rezista ndogo, ukikata njia ya kusoma kwa sekunde moja zinaruka mpaka mwisho wa nguvu zao. Kwa hiyo nilikuwa na watuhumiwa wawili wa haki kabisa na mpaka leo sijui nani alianza. Nimekubali kutojua. Nilichokataa ni kumsamehe mmoja kwa sababu nimemkamata mwingine. Tukachoma lehemu upya pini zote, siyo mbili zile tu.

Umeme kidogo kidogo

Transista mpya zilipofika, jamaa hakusema tena washa. Alisema, "Tunaanza na nini?"

Tulianza bila haivolteji, zile volti kubwa za kioo. Fyuzi yake ikatolewa, kwa hiyo kioo hakina uhai wowote, kimekaa tu. Waya za X na Y za gemu hazijachomekwa. Kwenye laini ya umeme tukaunga balbu kwa mfululizo, na hapa balbu ya banda imerudi kazini kwa heshima zote: ikiwaka kidogo halafu ikafifia, transfoma na kapasita zimejaa vizuri, ikibaki kali kuna shoti mahali, na wewe hujaunguza kitu.

Ikafifia.

Halafu volti za pande mbili, chanya na hasi, zilingane, thelathini na kitu kila upande. Ukipata chanya nzuri na hasi imepungua sana, acha hapo hapo. Halafu kile kipimo ambacho mi nakiona ndo moyo wa kazi yote: bila sigino yoyote, volti kwenye njia ya kwenda yoki iwe karibu na sifuri, kwa X na kwa Y. Ikikaa thelathini, zima. Na usichomoe yoki ukidhani unailinda, maana ukichomoa umeikatia amplifaya macho, itaruka yenyewe na itakudanganya kwamba ni mbovu. Wengine wanaweka rezista kubwa ya wati nyingi mahali pa yoki, hiyo sawa.

Sifuri na kidogo, pande zote. Tukaacha muda, nikashika fremu, haina moto.

Ndipo tukachomeka gemu, bado bila haivolteji, tukaangalia kwa oskiloskopu kama mkondo wa yoki unafuata sigino. Unafuata.

Fyuzi ya haivolteji ilirudi mwisho kabisa. Taa za gereji tukazima. Kioo kikapata moto taratibu, kwanza hakuna, halafu mawe hafifu, halafu mawe.

Kinachobaki

Picha ni hafifu kuliko ninavyotaka na jamaa anataka niongeze mwangaza. Sijaongeza. Kuna daiodi ya haivolteji kwenye hizi G05 ambayo inachoka, na kabla sijaipima haivolteji kwa propu yake halali sitaki kuzungusha kitu, kwa sababu kupandisha volti za kioo juu ya kiwango kunaleta mionzi ya eksirei na hilo siyo jambo la kukisia. Mita ya kawaida usiipeleke huko hata kwa sekunde.

Pia kuna kioo chenyewe. Ukizima ukaangalia kwa pembeni unaona maandishi ya kuomba sarafu yamechomeka kwenye fosfori, kivuli cha miaka ya kusubiri wateja. Vioo vya namna hii hakuna anayetengeneza tena. Kwenye zile za rangi watu wanahamisha kioo kutoka TV ya kawaida na kubakiza yoki ya vekta, inafanya kazi, lakini hata hizo TV ndo zinatupwa kila siku. Jamaa anataka iwake kila wikendi watoto wacheze. Mi nasita kidogo, halafu namuona mwanae anavyozungusha ile meli kwa vidole viwili, na sijui, labda ndo matumizi yake sahihi. Tumekubaliana isiachwe ikiwaka bila mtu kuicheza.

Propu nimeahidiwa kuazimwa na fundi mmoja wa Toronto. Nikishapima nitaandika namba hapa. Na wewe uliyebaki na banda huko nyumbani, kama una propu ya haivolteji na hujaigusa tangu TV bapa ziingie, tafadhali usiiuze chuma chakavu, niandikie kwanza.